Ziwa Victoria lina silabasi nzima ya bayostatistiki

Mitihani ya mwisho wa muhula ikikaribia, wadogo zangu walioko vyuo vya afya huanza kunitafuta. Ujumbe ni ule ule: "Dada, shikamoo. Naomba madesa ya bayostatistiki (takwimu za afya), na kama una mitihani ya nyuma nitumie." Natuma nilicho nacho, maana na mimi nilitumiwa. Ila siku hizi natanguliza kitu kingine: jedwali dogo la namba nne lililotoka Kisumu, na ombi kwamba wakae nalo jioni nzima kabla hawajafungua kanuni hata moja. Wengi huuliza Kisumu inahusiana nini na mtihani wao wa Dar, Dodoma au Mbeya. Nimeona niandike jibu refu mara moja.

Mimi ni muuguzi. Nilirudi chuo kusoma shahada baada ya kufanya kazi kliniki ya watoto kwa miaka kadhaa, na darasani nilikaa na vijana waliotoka moja kwa moja kidato cha sita. Wao walisoma BAM (hesabu za msingi) sambamba na PCB yao (fizikia, kemia na baiolojia), kwa hiyo alama za hesabu hazikuwatisha. Sisi tuliotoka kazini tulikuwa tumeagana na hesabu kidato cha nne, tukabaki na za kupiga dozi kwa uzito wa mtoto. Ungedhani wao ndio wangepeta na sisi tungesapu, yaani kurudia mtihani. Matokeo yalipobandikwa hayakugawanyika hivyo. Waliopata shida walitoka pande zote mbili, na walikuwa wale waliokariri kanuni kama zilivyo kwenye slaidi. Waliofanya vizuri walijua kila kanuni inajibu swali gani.

Mtihani huu, kwa watu wa afya, haukupimi sana hesabu. Kalkuleta inafanya sehemu kubwa ya hesabu. Unapimwa kama unaitambua data uliyopewa, kama unachagua njia inayoendana nayo, na kama unaweza kulieleza jibu kwa maneno ya mtu anayekwenda kumhudumia mgonjwa. Hayo hayakai kichwani kwa mifano ya "kundi A" na "kundi B" isiyo na mwenyewe. Yanakaa ukijua data imetoka kwa nani, nani aliikusanya na alitaka kujua nini. Na sisi watu wa ukanda huu tuna bahati ambayo hatuitumii: baadhi ya tafiti kubwa kabisa za kuzuia VVU zilifanyika kuzunguka ziwa letu. Ukizisoma tatu tu, Kisumu, Mwanza na Rakai, umepita karibu silabasi yote.

Anza na Kisumu, Kenya. Kuanzia mwaka 2002 watafiti waliandikisha vijana wa kiume wa miaka 18 hadi 24, wasio na VVU na ambao hawajatahiriwa. Pale wenyeji wengi ni Waluo, ambao kwa jadi hawatahiri, ndiyo maana utafiti ulifaa kufanyika hapo. Vijana 2,784 waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja litahiriwe mara moja, jingine lisubiri miaka miwili. Desemba 2006 bodi huru iliyokuwa ikisimamia usalama wa washiriki ilipitia takwimu, ikashauri utafiti usimamishwe mapema ili na waliokuwa wakisubiri wapewe tohara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007, nayo ni haya:

Waliotahiriwa: 22 waliambukizwa, 1,369 hawakuambukizwa, jumla 1,391.
Waliosubiri: 47 waliambukizwa, 1,346 hawakuambukizwa, jumla 1,393.

Hili ndilo jedwali la mbili kwa mbili. Chukua karatasi na kalamu, usisome tu.

Hatari ya kuambukizwa kwa waliotahiriwa ni 22 gawanya kwa 1,391, yaani asilimia 1.58. Kwa waliosubiri ni 47 gawanya kwa 1,393, yaani asilimia 3.37. Ukigawanya ya kwanza kwa ya pili unapata 0.47, ambayo ni hatari linganishi. Toa 0.47 kwenye 1, inabaki 0.53: tohara ilipunguza maambukizi kwa asilimia 53. Sasa badala ya kugawanya, toa hatari moja kwenye nyingine. Unapata asilimia 1.79. Gawanya 1 kwa 0.0179, jibu ni kama 56: katika muda ule wa ufuatiliaji, watahiriwe wanaume 56 ili kuzuia ambukizo moja. Tazama jinsi jedwali lile lile linavyotoa "asilimia 53" na "watu 56", na yote mawili ni kweli. Mtunga mtihani anapenda sana kukuuliza kwa nini mganga mkuu wa wilaya anayepanga bajeti atataka hiyo ya pili.

Kisha kai-skwea. Walioambukizwa kwa jumla ni 69. Kama tohara haisaidii chochote, wangetakiwa wagawanyike karibu sawa kwa sababu makundi yana ukubwa karibu sawa: 34.5 huku, 34.5 kule. Hiyo ndiyo namba inayotarajiwa. Tulichoona ni 22 na 47. Kai-skwea inapima tu umbali kati ya kilichoonekana na kilichotarajiwa. Kwa kila chumba cha jedwali unatoa, unapeleka kwenye kipeo cha pili, unagawanya kwa kilichotarajiwa. Vyumba viwili vya walioambukizwa vinatoa 4.51 kila kimoja. Vyumba vya wasioambukizwa vinatoa 0.11 kila kimoja, kwa sababu tofauti ile ile ya watu kumi na mbili na nusu ni kubwa ndani ya 34.5 lakini haionekani ndani ya 1,357. Jumla ni kama 9.25. Jedwali la kai-skwea kwa digrii moja ya uhuru (ndiyo ya jedwali la mbili kwa mbili) linadai 3.84 tu kwa kiwango cha asilimia 5, yaani mpaka unaovukwa kwa bahati tu mara 5 katika 100. Tumevuka kwa mbali.

Ukifanya hivi kwa mkono hata mara moja, ukijua kwamba ile 34.5 ni vijana wa Kisumu ambao wangeambukizwa kama tohara haina kazi, hutasahau tena namba inayotarajiwa inatoka wapi. Kwenye slaidi iliandikwa "jumla ya safu mara jumla ya safuwima gawanya kwa jumla kuu". Kanuni ni sahihi, ila haikuambii kwa nini.

Sasa p, ile namba inayosomwa kutoka kwenye kai-skwea. Hapa ndipo alama nyingi zinapopotea kwa sentensi moja. Katika kundi letu la diskasheni kijana mmoja wa maabara, mwepesi wa hesabu kuliko sisi wote, aliuliza, "Dada, kwa hiyo p ikiwa ndogo sana maana yake tohara ina nguvu sana?" Tulikaa na swali hilo mpaka taa za maktaba zikazimwa. Jibu ni hapana. Nguvu ya tohara inasemwa na ile 0.47. p inajibu swali jingine kabisa: kama kweli tohara haina athari yoyote, ni mara ngapi tungeona tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi kwa bahati tu? Kwa hesabu yetu ya mkono ni chini ya mara 3 katika 1,000. Haisemi kwamba uwezekano wa tohara kutofanya kazi ni 3 katika 1,000. Na ukiwa na sampuli kubwa mno, hata tofauti ndogo isiyo na maana kwa mgonjwa itakupa p ndogo. Andika sentensi ya p kwa kuanza na "kama kweli hakuna tofauti". Sentensi yoyote ya p isiyoanza hivyo, au kwa maneno yenye maana hiyo, ina hatari ya kukosewa.

Kipindi cha uhakika, yaani masafa ya majibu yanayoendana na data yetu, kinafuata, na hapo Kisumu inatoa zawadi. Hatari linganishi haiwezi kushuka chini ya sifuri lakini juu haina mwisho, kwa hiyo kwanza tunaipeleka kwenye logi asilia. Logi ya 0.469 ni hasi 0.757. Kosa sanifu lake (kiasi ambacho jibu lingeyumba kama utafiti ungerudiwa) ni kipeuo cha pili cha (1/22 − 1/1,391 + 1/47 − 1/1,393), yaani 0.256. Zidisha kwa 1.96 (namba ya uhakika wa asilimia 95) upate 0.501. Toa, jumlisha, kisha rudisha kutoka kwenye logi: 0.28 hadi 0.77. Fungua makala yenyewe iliyochapishwa. Wameandika 0.47, na kipindi cha uhakika cha asilimia 95 ni 0.28 hadi 0.78. Siku tulipolifikia jibu hilo kwa kalkuleta za mkononi, tukalinganisha na makala, tulishangilia kama watu walioona goli. Tulikuwa tumeugusa utafiti wenyewe.

Lakini mwanafunzi makini ataona jambo. Makala inasema maambukizi ya miaka miwili yalikuwa asilimia 2.1 kwa waliotahiriwa na 4.2 kwa waliosubiri, wakati sisi tumepata 1.58 na 3.37. Nani amekosea? Hakuna. Sisi tumegawanya kwa watu wote walioandikishwa, kana kwamba kila mmoja alifuatiliwa miaka miwili kamili. Haikuwa hivyo. Utafiti ulisimamishwa mapema, wengine walihama, wengine hawakurudi. Watafiti walitumia njia inayohesabu kila mtu kwa muda ule tu aliokuwa chini ya macho yao, nao ni uchambuzi wa muda hadi tukio. Ukilielewa hilo kupitia tofauti ya 1.58 na 2.1, umeelewa kwa nini sura ile ya mwisho kwenye vitabu, ambayo wengi huiruka, ipo.

Vuka mpaka uje Mwanza. Utafiti huu ulichapishwa mwaka 1995. Swali lilikuwa: tukiboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya vya vijijini, yaani kufundisha watoa huduma kutibu kwa dalili na kuhakikisha dawa zipo, je, maambukizi mapya ya VVU yatapungua? Jamii 12 zilipangwa katika jozi sita, kila jozi moja ikapata huduma iliyoboreshwa na nyingine ikasubiri. Baada ya miaka miwili, katika jamii zilizopata huduma, watu 48 kati ya 4,149 waliokuwa hawana VVU walikuwa wameambukizwa, asilimia 1.2. Katika jamii za kulinganisha walikuwa 82 kati ya 4,400, asilimia 1.9. Baada ya marekebisho ya kitakwimu, maambukizi yalipungua kwa kiasi cha asilimia 40.

Mkono utakuwasha kuziingiza namba hizi kwenye kai-skwea kama za Kisumu. Uzuie. Kisumu aliyegawanywa kwa bahati nasibu ni mtu mmoja mmoja. Mwanza iliyogawanywa hivyo ni jamii nzima. Watu wa kijiji kimoja wanashirikiana kituo cha afya, mnada, barabara na hata wapenzi, kwa hiyo wanafanana kuliko watu waliookotwa huku na kule. Ukiwahesabu kama watu 8,549 wasiohusiana, unajipa uhakika ambao huna. Uchambuzi lazima uheshimu zile jozi sita. Swali la mtihani likianza na "vijiji viligawanywa kwa bahati nasibu", mtunga swali anakutazama kama umeona neno vijiji.

Halafu Rakai, kusini magharibi mwa Uganda. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliouliza karibu swali lile lile la Mwanza, kwa njia nyingine: kila baada ya miezi kumi watafiti walipita nyumba kwa nyumba na kuwatibu watu wote kwa pamoja, wenye dalili na wasio nazo. Maambukizi mapya ya VVU yakawa 1.5 kwa kila miaka-mtu 100 pande zote mbili, kwenye jamii zilizotibiwa hivyo na kwenye za kulinganisha. Uwiano wa viwango ulikuwa 0.97, kipindi cha uhakika 0.81 hadi 1.16. (Miaka-mtu isikutishe: mtu aliyefuatiliwa miaka miwili anachangia miwili, aliyefuatiliwa miezi sita anachangia nusu. Jumlisha wote.)

Mwanza inasema inasaidia, Rakai inasema haisaidii. Mwanafunzi aliyekariri ataandika kwamba sampuli ya Rakai ilikuwa ndogo. Tazama kipindi cha uhakika. Kina 1 (yaani hakuna tofauti) ndani yake, kwa hiyo hatuna ushahidi wa athari. Lakini pia ni chembamba, na upande wake mzuri kabisa ni 0.81, yaani kupungua kwa asilimia 19. Asilimia 40 ya Mwanza haimo humo. Rakai haikushindwa kuona kwa sababu ya uchache wa watu. Iliona vizuri, ikaona kitu tofauti. Kwa hiyo tafuta sababu nje ya hesabu. Mwanza, VVU ilikuwa kwa karibu asilimia 4 ya watu wazima utafiti ulipoanza, Rakai karibu asilimia 16, janga likiwa limekomaa. Mwanza matibabu yalikuwepo kituoni kila siku kwa anayeumwa, Rakai dawa zilikuja kwa awamu na katikati mtu aliweza kuambukizwa upya. Wataalamu walijadili hayo kwa miaka. Ukiweza kuandika aya moja inayolinganisha tafiti hizi mbili bila kudharau yoyote, hakuna swali la "jadili" litakalokusumbua.

Kwa wale wenzangu waliotoka kazini nina neno la pekee: mnajua zaidi ya mnavyodhani. Nilipokuwa kliniki nilichora nukta kwenye kadi za watoto kila siku. Mistari ile inatoka kwenye viwango vya ukuaji vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, kwa data ya watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Mtoto wa kiume wa miezi 12, uzito wa katikati ni kilo 9.6. Mstari wa hasi 2 (mikengeuko sanifu miwili chini ya katikati) uko kilo 7.7, wa hasi 3 uko kilo 6.9. Mama akikuletea mtoto huyo ana kilo 7.4, unajua papo hapo yuko chini ya hasi 2 na unaanza kuuliza anakula nini na aliharisha lini. Umetumia mkengeuko sanifu bila kuuita kwa jina. Na ukitazama upande wa juu, chanya 1 iko kilo 10.8 wakati hasi 1 iko 8.6: kilo 1.2 juu, kilo 1.0 chini. Uzito umeegemea upande mmoja kidogo, na watengenezaji wa viwango wakalizingatia hilo. Hapo una mfano wako wa data iliyopinda, kutoka kwenye kadi uliyoishika mwenyewe.

Kadi hiyo hiyo inaondoa mkanganyiko kati ya mkengeuko sanifu na kosa sanifu. Mkengeuko unaeleza jinsi watoto wanavyotofautiana wao kwa wao. Kosa sanifu linaeleza jinsi wastani wa sampuli yako ungeyumba kama ungerudia kuchukua sampuli. Tuseme uzito wa kuzaliwa una mkengeuko wa gramu 500. Ukipima watoto 100, kosa sanifu la wastani ni 50. Ukipima 400, ni 25. Watoto hawajaanza kufanana eti kwa sababu umepima wengi, ila wewe ndiye umeujua wastani wao vizuri zaidi.

Wastani na kati (namba ya katikati ukizipanga kwa ukubwa) sitakaa nazo sana. Siku za kulazwa wodini: 2, 2, 3, 3, 4, 5, 30. Wastani ni 7, kati ni 3. Muulize muuguzi yeyote wa wodi hiyo mgonjwa wa kawaida hukaa siku ngapi.

Vipimo vya maabara, kinyume chake, vinastahili usiku mzima, maana hapa ndipo mtihani na kazi vinapokutana. Acha kwanza kanuni ya Bayes, ile ya kukadiria uwezekano wa ugonjwa baada ya jibu la kipimo. Chora watu 10,000. Chukua kipimo cha kufikirika kinachokamata asilimia 99 ya wenye ugonjwa na kuwaachia huru asilimia 98 ya wasio nao. Kama ugonjwa uko kwa asilimia 4, wagonjwa ni 400 na kipimo kinawakamata 396. Wazima ni 9,600, na asilimia 2 yao, watu 192, wataambiwa wana ugonjwa wasio nao. Waliopata jibu la "ndiyo" ni 588, wagonjwa wa kweli kati yao ni 396, asilimia 67. Sasa peleka kipimo hicho hicho mahali ugonjwa uko kwa asilimia 1. Wagonjwa 100, wanakamatwa 99. Wazima 9,900, wanasingiziwa 198. Kati ya "ndiyo" 297, za kweli ni 99. Theluthi moja! Kipimo hakijabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni watu waliopimwa. Ndiyo sababu kwenye upimaji wa VVU jibu la kwanza la "ndiyo" halitolewi kama la mwisho, mtu hupimwa tena kwa kipimo kingine. Ukiandika hilo mwishoni mwa jibu lako, msahihishaji anajua anasoma kazi ya mtu wa afya.

Kuna namba moja ambayo kila aliyeandika tafiti ya shahada Afrika Mashariki ameiona: 384, ukubwa wa sampuli. Watu wanaiandika kama amri. Inatoka hapa: 1.96 kwenye kipeo cha pili, mara 0.5, mara 0.5, gawanya kwa 0.05 kwenye kipeo cha pili. Jibu ni 384.16, unapandisha hadi 385. Ile 0.5 ina maana hujui ukubwa wa tatizo, kwa hiyo umechagua hali inayodai watu wengi zaidi. Ile 0.05 ina maana umekubali kukosea kwa asilimia 5 juu au chini. Sasa fikiria unapima jambo lililo kwa asilimia 3 ya watu. Kipimo chenye kosa la asilimia 5 juu au chini ya 3 kinakwenda mpaka chini ya sifuri. 385 hiyo haikusaidii. Swali la ukubwa wa sampuli likija, eleza kila namba uliyoiweka imetoka wapi, na kwa nini.

Vipindi vya uhakika vina kazi hata nje ya chumba cha mtihani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2010 ulikadiria vifo vya uzazi 454 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2015-16 ukakadiria 556. Ukisoma namba mbili tu utasema hali ilizorota. Ukitazama vipindi vyake vya uhakika unakuta vinaingiliana kwa eneo kubwa, kwa sababu kifo cha uzazi, kwa uchungu wake wote, ni tukio la nadra kwenye sampuli ya kaya. Muuguzi mkunga anayejua hilo hatayumbishwa na kichwa cha habari, wala hatatulia kupita kiasi namba ikishuka.

Sasa ya mkononi. Jua kalkuleta yako kabla ya siku ya mtihani. Kwenye Casio fx-82MS unaingia MODE 2, unaingiza kila namba na kubonyeza M+, kisha SHIFT 2. Chaguo la 2 linatoa mkengeuko sanifu kwa kugawanya kwa n (idadi ya namba), la 3 linagawanya kwa n toa 1. Sampuli inataka la 3. Na futa data ya swali lililopita kabla ya kuanza jipya, SHIFT, kisha MODE, kisha 1, kisha alama ya sawasawa, la sivyo namba za swali la kwanza zitaingia kwenye la pili kimya kimya.

Mitihani ya nyuma itumie kwa namna hii: usianze kutafuta majibu. Pitia maswali yote na kwa kila moja jibu kwanza, kwa sauti, kwa Kiswahili, ukiwa na wenzako: hapa nimepewa data ya makundi au ya vipimo? Makundi ni mangapi? Watu ni wale wale waliopimwa mara mbili, au ni watu tofauti? Shinikizo la damu la mgonjwa yule yule kabla na baada ya dawa ni jozi. Shinikizo la wanaume dhidi ya wanawake si jozi. Ukifika hapo, jaribio la t (la kulinganisha wastani) gani utumie linajitaja lenyewe. (Jaribio hilo, kwa taarifa, lilichapishwa mwaka 1908 na William Sealy Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness, kwa jina la kificho "Student". Alikuwa na sampuli ndogo ndogo na alihitaji kuziamini kwa kiasi kinachostahili. Wengi wetu tukifanya utafiti wodini tutakuwa na hali hiyo hiyo.) Ukishapita karatasi nzima kwa maneno, rudi ufanye hesabu. Mtihani wenyewe utaandika kwa Kiingereza, sawa, lakini aliyeweza kumweleza mwenzake 0.47 ya Kisumu kwa Kiswahili hakosi sentensi ya Kiingereza ya kuiandika.

Ukiwa ndani ya chumba, andika dhana yako ya "hakuna tofauti" kwa maneno ya swali lenyewe, siyo kwa alama tupu. Onyesha namba zinazotarajiwa hata kama kalkuleta imekupa jibu, kwa sababu njia ina alama zake. Ukimaliza hesabu, ongeza mstari mmoja unaotaja watu, ukubwa wa tofauti, kipindi chake cha uhakika na muda. Kwa mfano: "Miongoni mwa vijana wa Kisumu wa miaka 18 hadi 24 waliofuatiliwa hadi miaka miwili, waliotahiriwa walikuwa na hatari ya kuambukizwa VVU mara 0.47 ya wale waliosubiri, kipindi cha uhakika cha asilimia 95 kikiwa 0.28 hadi 0.78."